Bunduki Iliyoshonwa kwa Ngozi ya Kiboko

Alhamisi, Garsen. Mawingu yamekaa tangu asubuhi kama mgeni asiyetaka kuaga. Mvua hainyeshi, joto haliondoki.

Naandika haya kwa kidole kimoja kwenye simu, Neema amelala mapajani. Anaota meno, kwa hiyo sote nyumbani tunaota meno. Kaka yake, Maro, amelala sakafuni na kiatu kimoja mguuni. Nimemwacha hivyo hivyo, kwa sababu nikimgusa ataamka, na leo sina nguvu za watoto wawili kwa wakati mmoja. Nimechoka mpaka nywele zimechoka.

Lakini leo nimeona kitu kizuri, na nisipokiandika sasa kitapotelea kwenye nepi na vyombo.

Nianze pale kilipoanzia.

Mume wangu alilelewa na nyanya yake kijijini Ngao, nyumba ya pili kutoka mtoni. Yeye sasa yuko Mombasa kwenye kazi ya ujenzi, na Nyanya amebaki na mjukuu mwingine, shemeji yangu Jillo, mwenye pikipiki na maneno mengi. Kila msimu, maji ya mto yakianza kushuka na kuacha udongo mpya, sisi wake wa wajukuu tunaenda kwa Nyanya kuchukua mbegu. Mbegu zake anaziweka kwenye dari la fito juu ya mafiga, pale moshi unapopita mchana kutwa, ili wadudu wasizile. Mahindi yake ni meusi kama makaa kwa nje, lakini uyapande uone.

Msimu huu nilikwenda mimi. Nikapanda juu ya kinu, nikaingiza mkono darini nikipapasa mahindi, na mkono wangu ukashika chuma. Chuma kirefu, kimefungwa gunia. Nikavuta. Gunia lilikuwa limeoza, likamwagika kama majivu, na mimi nikabaki nimesimama juu ya kinu, Neema mgongoni, nimeshika bunduki.

Maro alikuwa chini yangu. Akanyoosha mikono yote miwili, anaitaka.

Nyanya alikuwa akipeta mchele. Hakushtuka hata kidogo. Alisema, "Irudishe. Hiyo ni ya baba mkwe wangu. Nimeolewa nimeikuta."

Sikuirudisha. Nilisema kwa heshima, lakini nilisema, kwamba kitu hicho hakiwezi kulala tena nyumba moja na watoto wangu, na kwamba siku hizi bunduki bila kibali ni jela, hata kama ni ya marehemu. Nyanya akaniangalia muda mrefu. Akasema hiyo bunduki imelala na watoto wa nyumba ile vizazi na vizazi na haijaamka. Kisha akarudi kwenye ungo wake.

Nilimwachia bunduki aiondoe, nikarudi Garsen siku ile bila mbegu. Hakuninyima kwa maneno. Hakunipa tu.

Baada ya hapo Jillo akaingilia. Alipiga picha, akazituma kwa dalali mmoja wa Malindi ambaye kazi yake ni saa za zamani, sarafu za zamani, vitanda vya zamani. Dalali akamwambia bunduki za kale kuna wazungu wanazikusanya, na kwamba hiyo ni pesa ya kujenga nyumba ya mawe, lakini kwanza aisafishe ing'ae. Niliporudi Ngao kesho yake kuangalia kama imeondolewa, nikamkuta shemeji amechuchumaa uani na jivu, mchanga na waya wa sufuria, anaisugua bunduki kama tunavyosugua sufuria za harusi. Kiganja kizima cha chuma tayari kilikuwa cheupe.

Nilimnyang'anya. Sikujua lolote kuhusu bunduki za kale. Nilichojua ni kwamba Maro alikuwa ameshaanza kumletea jivu.

"Shemeji, wewe ni mgumu kuliko serikali," akaniambia.

"Afadhali mimi kuliko serikali," nikamjibu.

Nikaenda mwenyewe kwa chifu. Chifu naye akapiga simu kituoni, askari wakaja, wakaichukua vizuri bila kelele. Kwa kuwa tumeisalimisha wenyewe hakuna aliyeshikwa. Lakini afande wao akatueleza wazi: silaha zinazosalimishwa zinakusanywa na kuchomwa. Labda mtu wa makumbusho aje athibitishe kwamba hii ni ya kale, na kwamba ni ya hapa kweli, haikuletwa na wafanyabiashara juzi juzi. Asipothibitisha, itaondoka na zingine.

Nyanya aliposikia neno kuchomwa, aliingia ndani akafunga mlango.

Tangu siku hiyo hakuniita tena Mama Maro. Akimtuma Jillo kwangu anasema, "Nenda kwa yule wa Garsen." Mimi. Niliyeolewa katika nyumba hiyo, niliyezaa wajukuu wake wawili, nimekuwa yule wa Garsen.

Sikujuta kuitoa. Hata leo sijuti. Lakini nilijua kwamba ikichomwa, machoni pa Nyanya kiberiti hakitakuwa cha serikali. Kitakuwa changu.

Leo ndiyo siku aliyokuja mtu wa makumbusho, pale kituoni.

Nilitarajia mzee mwenye miwani. Akashuka mwanamke wa rika langu, suruali ya kaki, kitambaa kichwani, na mkoba mkubwa ambao mara ya kwanza nilidhani una nepi. Anaitwa Bi. Zawadi. Alisalimia kila mtu, akaanza na Nyanya, akainama kidogo kabla hajampa mkono. Nyanya alikuwa ameletwa na Jillo kwa pikipiki, amekaa kwenye benchi la kituo, kifurushi chake kimekazwa chini ya kwapa, uso kama mlango uliofungwa. Nilimwamkia. Aliitikia, lakini akiangalia ukuta.

Bunduki ililetwa mezani. Bi. Zawadi hakuishika mara moja. Aliizunguka kwanza, akiiangalia, mikono nyuma. Kisha akaomba sote tuondoke upande ule mdomo wa mtutu ulikoelekea.

"Nyigu tu ndio wamo humo," Jillo akasema. "Hiyo hailii tena."

"Inawezekana," akasema Bi. Zawadi. "Lakini kwangu kila bunduki ina risasi mpaka macho yangu yaseme hapana. Hata mtu akiniapia."

Nikampenda papo hapo. Mimi ndivyo nilivyo na homa. Kila mtoto ana homa mpaka nimshike shingo.

Alitia mafuta tone moja hapa, tone moja pale, akasubiri. Hakulazimisha. Akagonga kidogo kwa mpini wa mbao, akasubiri tena. Neema akaanza kulia mgongoni, nikawa nayumba naye huku nikichungulia. Mwishowe, chini ya kifyatulio, kale kamkono ka chuma nilikodhani ni pambo kakashuka, na tumbo la bunduki likafunguka kwa juu. Ukamwagika udongo mkavu mezani. Kweli nyumba ya nyigu.

"Si nilisema?" Jillo akasema. "Wapangaji."

Hata afande alicheka. Nyanya hakucheka.

Sasa, mimi nimesoma mpaka darasa la nane tu, na mengine nimejifunza kwa maisha. Lakini yule mwanamke alikuwa akieleza kama mtu anayekuonyesha nyumba yake, na mimi nilielewa kila chumba. Alisema watu wa huku kila bunduki ya zamani wanaiita gobori, na hii si gobori. Gobori unalijaza baruti kwa mdomo wa mtutu na kuishindilia kwa ufito wake, mdeki. Hii inafunguka nyuma, unatia risasi moja, unafunga, unapiga, unafungua tena. Risasi moja tu kila mara. Upande wa kulia kuna kidole kidogo cha chuma, umbo kama tone la maji, ambacho kazi yake ni kumwonyesha mwenye bunduki kama imetegwa au haijategwa. Unaweza kukipapasa hata gizani. Nikawaza, huyu aliyekitengeneza alikuwa mtu mwenye huruma, ingawa alikuwa akitengeneza kitu cha kuulia.

Kisha akaniita. "Mama, njoo utie jicho hapa."

Aliweka tochi ndogo upande mmoja wa mtutu na mimi nikachungulia upande mwingine. Jamani. Ndani ya kile chuma cheusi cha moshi mna mifereji, imejizungusha taratibu kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama maji yanavyojizungusha yakiingia shimoni. Ilikuwa na kutu hapa na pale, lakini iliwaka. Bi. Zawadi akasema hiyo mifereji ndiyo inayoizungusha risasi ili isiyumbe njiani, na ndiyo inayotofautisha bunduki ya namna hii na gobori la kawaida. Mimi nilikuwa nawaza mambo mengine. Mtu alikaa, miaka hiyo yote nyuma, akachonga uzuri huo mahali ambapo hakuna atakayeuona.

Nilitaka Maro aione. Kisha nikakumbuka kwa nini tuko pale, nikarudi nyuma.

Halafu akageuza ubavu wa kulia, na uso wake ukabadilika.

"Nani alisugua hapa?"

Jillo alianza kuangalia dari la kituo kana kwamba kuna kitu kimeandikwa huko.

"Ni mimi," akasema mwishowe. "Jivu na waya wa sufuria. Nilitaka ing'ae."

"Pole sana. Hapa ndipo palipokuwa na alama zake zote." Akainamisha tochi kwa ubavu, karibu ilale juu ya chuma, na kwenye ule weupe wa Jillo tukaona kivuli cha taji, na chini yake herufi za malkia wa Uingereza wa enzi zile, na kipande cha mwaka. "Bado zinasomeka, Mungu saidia. Ni kabla ya karne ya ishirini. Lakini mnunuzi wa vitu hivi anataka ngozi yake ya zamani, hii ya kahawia. Ukiing'oa hairudi. Hapa umeng'oa zaidi ya nusu ya bei."

"Nusu ya bei gani?"

"Ya hiyo uliyokuwa ukiiota."

Nyanya akakohoa. Lakini mimi nimeishi na kikohozi cha Nyanya, nakijua. Kile hakikuwa kikohozi.

Bi. Zawadi aliendelea. Aliangalia kama namba za vipande vyake zinalingana, maana bunduki nyingi za kale zimeunganishwa kutoka maiti za bunduki nyingine. Hizi zililingana. Aliangalia misumari ya kuzungusha, vichwa vyake. Mifuo ya vichwa ilikuwa imejaa masizi mpaka juu, magumu kama lami. Akasema hakuna bisibisi iliyoingia humo tangu zamani sana, na kwamba bunduki iliyokaa miaka yote hiyo kwenye unyevu wa mto huu ingekuwa imeliwa na kutu mpaka ivunjike mkononi. Moshi ndio ulioilinda. Ilikuwa inahifadhiwa kama mbegu.

Niliposikia hivyo nilimtazama Nyanya. Bado ukuta.

Afande alikuwa mtu mzuri, lakini kazi yake ni kazi. "Nimekubali ni ya zamani, madam," akasema. "Masizi hata jikoni kwangu yapo. Ya zamani si kusema ni ya hapa. Kuna watu wananunua hizi mbali huko, wanakuja kuzificha kwa nyanya za watu. Mimi nahitaji kitu cha kuniambia imekuwa Ngao."

Feni ya kituo ikawa inasikika.

Bi. Zawadi akageuza bunduki tena, akafika pale kwenye kiuno, pale mbao inapokuwa nyembamba nyuma ya kifyatulio, mahali unaposhika. Pale palikuwa pamevimba, peusi. Mimi nilidhani ni uchafu. Akapangusa kidogo kwa pamba yenye mafuta, pamba moja, pamba nyingine, na chini ya masizi ikatokea ngozi. Kamba nyembamba za ngozi, zimepita kwenye matundu madogo pande mbili za ufa, zimevukana, zimekaza. Mbao ilikuwa imevunjika na mtu akaishona.

"Hii sijawahi kuiona," akasema polepole. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Watu wanafunga waya. Wanapigilia bati. Wengine wanavisha ngozi kama soksi. Lakini kushona hivi, tundu kwa tundu, na nta juu yake..." Akainua kichwa. "Nani alifanya hii?"

Jillo, kama kawaida, hakuweza kukaa na swali hewani. "Babu yetu. Alikuwa fundi sana, wazee wa zamani hao wanaume walikuwa..."

"Nyamaza, Jillo," akasema Nyanya. "Hukuwapo."

Nakumbuka kila neno alilosema baada ya hapo, kwa sababu sikuwa nimemsikia akizungumza tangu alipofunga ule mlango.

Alisema alikuwa bibi harusi mpya, hata hina haijaisha mikononi. Mpunga ulikuwa umekomaa, na kiboko akawa anapanda kutoka mtoni kila siku jua likizama. Baba mkwe wake alimpiga risasi, kiboko hakufa hapo hapo. Alikuja. Mzee akajikinga kwa bunduki, kiuno cha bunduki kikavunjika, na mkono wa mzee pia. Kiboko akaenda kufia ukingoni.

"Bunduki ikavunjika, mzee akavunjika, na mpunga bado uko shambani," Nyanya akasema. "Na viboko wengine wapo. Nyinyi mngefanya nini? Mama mkwe wangu, Rebeka, alikuwa binti wa mchonga mitumbwi. Mtumbwi ukipasuka hautupwi. Unatobolewa pande mbili za ufa, unazibwa kwa kitambaa na nta, unashonwa. Akasema mbao ni mbao. Akakata ngozi ya kiboko yule yule, mbichi, imelowa. Ngozi mbichi ikikauka inabana kuliko msumari. Mimi nilishika pande mbili za mbao, nimezikaza hivi, yeye anashona."

Alikuwa amenyanyua mikono yake miwili, ameikutanisha, anakaza. Mishipa ilisimama.

"Akaniambia, nipe kitambaa cha kuziba. Nyumba ile haikuwa na kitambaa cha kuchezea. Nikachana pindo la leso yangu ya harusi. Nyekundu. Imo humo ndani ya ufa. Kama hawakuitoa panya."

Bi. Zawadi alitoa kwenye mkoba wake kioo cha kukuzia, na sindano. Alilainisha nta kwa pumzi yake, kweli, akaipumulia kama mtu anayepuliza jicho la mtoto, akaisogeza nta kidogo kwa ncha ya sindano.

Mimi nilikuwa nimeacha kuyumba. Neema akanyamaza mwenyewe.

"Afande," akasema. "Njoo uone."

Afande akainama, akaangalia. Akavua kofia, akaangalia tena. Kisha akasogea, akanipa nafasi na mimi. Ndani kabisa ya ufa, chini ya nta, palikuwa na nyuzi chache. Zimechakaa, zimejaa mafuta. Lakini nyekundu. Rangi ya leso, ile ile ya leso zetu.

Nimeona vitu vizuri maishani. Nimeona Maro alipozaliwa. Hii naiweka karibu na hapo.

Afande akasema hatachoma leso ya harusi ya mtu. Bunduki itazibwa kabisa isiweze kupiga tena, na makumbusho watakwenda nayo.

Jillo hakuweza kujizuia. "Lakini madam, tuseme tu, tuseme ingeuzwa. Na huo ushonaji?"

"Kwa mnunuzi wa nje ushonaji unaishusha," Bi. Zawadi akajibu. "Wao wanataka mbao yake ya kwanza, nzima. Kwangu mimi ushonaji ndio unaoipandisha, na sijui niipandishe mpaka wapi, kwa sababu sina nyingine ya kuilinganisha nayo. Zenye taji hili ziko nyingi duniani. Iliyoshonwa kama mtumbwi naijua hii moja."

Kisha akamgeukia Nyanya akamwuliza pale itakapowekwa waandike jina la nani. Jillo akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga.

"Rebeka," akasema Nyanya.

"Na wewe, Nyanya?"

"Mimi nilitoa kitambaa tu."

Sijui nani alinituma. Si mahali pa mke wa mjukuu kusema watu wazima wakisema. Lakini nilisema.

"Andika na kitambaa, dada. Andika kwamba bibi harusi alishika mbao na akachana leso yake. Bila hicho kitambaa leo tusingekuwa na cha kumwonyesha afande."

Nyanya akanitazama. Si ukuta, mimi. Muda mrefu, kama siku ile ya ungo. Nilifikiri nimeharibu tena.

Tulipotoka nje, Jillo akaenda kuwasha pikipiki. Nyanya akabaki amesimama kwenye kivuli cha ukuta wa kituo, akanipungia mkono nisogee. Akasema, "Mama Maro."

Hivyo tu. Nilitaka kulia, lakini nilikuwa na mtoto mgongoni na nepi iliyolowa, na kulia pia kunataka nafasi.

Akasema aliponiona siku ile nimesimama juu ya kinu nimeshika ile bunduki, hakuona bunduki. Aliona mikono ya Rebeka, na mimi ndiye ninayeitoa nje ya nyumba. Ndiyo maana. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, kwamba mtoto wa umri wa Maro hata yeye asingemwacha chini ya bunduki, ila asingenipa raha ya kuniambia. Nikacheka. Yeye akakohoa.

Kisha akafungua kile kifurushi alichokikaza kwapani tangu asubuhi. Mahindi, meusi ya moshi, yamefungwa kwa maganda yake. Na kibuyu kidogo cha mpunga kilichozibwa kwa nta.

"Maji yanashuka," akasema. "Usichelewe."

Akapanda pikipiki, akajifunga leso, akaenda na Jillo. Mimi nikabaki nimesimama na mbegu zangu.

Tangu saa ile nawaza jambo moja. Kifurushi alikuja nacho kutoka Ngao. Alikuwa nacho kwapani wakati nikimwamkia naye anaangalia ukuta. Alikuwa nacho kabla ya nyigu, kabla ya taji, kabla mtu yeyote hajajua kama bunduki itachomwa au haitachomwa. Alikuwa ameshayafunga hayo mahindi asubuhi, jikoni kwake, chini ya dari lisilo tena na bunduki.

Sikumwuliza. Nadhani sitamwuliza.

Chumba chote sasa kinanuka moshi wa Ngao, na Maro usingizini amesogea mpaka karibu na kibuyu. Kesho namtafuta fundi anipigie dari la fito juu ya jiko langu, hata kama mwenye nyumba atanung'unika kuhusu masizi kwenye mabati yake. Atazoea. Halafu naenda shambani na watoto wote wawili, kabla udongo haujakauka.